Mtufaha wa Iftimie

Theluji ilipoanza kujiondokea ukutani mwa ghala, Ruxanda alichukua kisu kidogo cha jikoni akaenda kuifungua miti michanga ya mama mkwe wake, kama mtu anavyomvua mtoto masweta baada ya baridi kupita. Miti yenyewe ilikuwa minne tu, miplamu miwili, mpeasi na mtufaha. Tangu majira ya vuli ilikuwa imesimama nyuma ya nyumba, kila mmoja umefungwa matete kuanzia chini hadi kimo cha goti, ili sungura wa shambani wasije wakaitafuna. Binti yake Anisia alimfuata nyuma na kikapu cha kukusanyia kamba.

Miplamu ilikuwa salama, gome laini, lina unyevu, zima. Mpeasi nao salama. Ruxanda akashusha pumzi, akaanza hata kuimba kidogo puani.

Alipokata kamba ya mtufaha, matete yalianguka yote kwa mkupuo, na pamoja nayo ukaanguka unga mweupe kama wa msumeno.

"Mama," Anisia akasema, "mti umevua nguo?"

Ruxanda alikuwa amepiga magoti kwenye tope bila kujua. Pale palipopaswa kuwa na gome palikuwa na mbao tupu, nyeupe kama mfupa, na juu yake alama za meno madogo madogo, safu kwa safu. Alizungusha kidole taratibu akitafuta upande uliosalia. Hata uzi mmoja wa gome ungetosha. Kidole kikazunguka shina lote, kikarudi kilipoanzia. Upana wa kiganja kizima, pande zote, panya walikuwa wamekula. Na katikati ya matete yaliyoanguka, chini ya kamba, alikiona kile ambacho moyo wake ulikuwa umeshakijua: kipande cha ngozi ya nguruwe iliyotiwa chumvi, kimebaki nyuzi.

Ngozi ile aliifunga yeye kwa mkono wake.

Mama mkwe, Casandra, alikuwa amemwambia waziwazi kabla ya baridi: "Chokaa na matete, mwanangu. Basi. Mengine ni mbwembwe." Lakini Ruxanda alizaliwa huko juu milimani, ambako theluji hufika kwenye madirisha na sungura hutembea juu yake hadi kwenye matawi. Huko watu hupaka mashina mafuta ya nguruwe, maana sungura hana hamu na kitu kinachonuka nguruwe. Baba yake alikuwa akifanya hivyo. Ila baba yake alipaka tu, akapangusa. Ruxanda alikuwa mtoto wakati ule, akakumbuka nusu. Miti mingine mitatu aliifunga kama alivyoambiwa. Huu, kwa kuwa ndio alioupenda na kuuogopea kuliko yote, akauzidishia. Alifunga ngozi nzima ndani ya matete, akakaza. Kumbe alikuwa amewawekea panya karamu, na theluji ikawafunikia mlango wasionekane na paka.

Na kama ungekuwa mti wowote mwingine! Angelia kidogo, akapanda mwingine, yakaisha.

Casandra alimzika mtoto wake wa kwanza, Iftimie, akiwa na miaka minne, kabla hata Savin, mume wa Ruxanda, hajazaliwa. Katika kijiji kile mama aliyezika mtoto haonji tufaha jipya mpaka sikukuu ya Mtakatifu Petro, siku anapowagawia watoto wa jirani matufaha kwa sadaka ya yule wa kwake. Husemwa kwamba siku hiyo, kule ahera, Petro huwagawia watoto matufaha, na mtoto ambaye mama yake alitangulia kula huambiwa, "Lako limeshaliwa." Casandra kwa miaka yote alitoa sadaka kutoka mtufaha mmoja wa zamani karibu na kisima, ambao Iftimie alikuwa akichezea chini yake. Dhoruba ilipouangusha, alikata kijitawi kimoja kabla haujaburutwa, akakiunganisha kwenye shina changa, akaapa kwamba hatatia tufaha mdomoni, sikukuu au si sikukuu, mpaka huu utakapozaa na Iftimie apate lake. Siku Anisia alipobatizwa, Casandra alimbeba hadi kwenye mti, ambao wakati huo ulikuwa fimbo tu, akafunga uzi mwekundu na kumwambia kile kichanga: "Huu ni wako duniani, na wa ami yako ahera. Mgawane vizuri."

Ndiyo maana Ruxanda alibaki amepiga magoti hadi sketi ikalowa.

*

"Panya," alisema Veta, jirani, akiwa ameegemea uzio na mikono miwili imejaa unga. Alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya kuita mbuzi ng'ambo ya mto. "Hao ni panya. Sungura huacha alama pana. Uliweka nini humo ndani?"

Ruxanda akamwambia.

"Nyama?" Veta alicheka, kisha akaona uso wa mwenzake, akakatisha. "Pole, shoga. Lakini kweli nyama! Ungewawekea na divai kabisa. Asiyesikia la mkuu..."

"Usinimalizie, dada Veta. Najua linakoishia."

"Haya. Casandra anarudi lini?"

"Kabla ya Jumapili ya Matawi." Casandra alikuwa mjini kwa binti yake, aliyejifungua mapacha na hana pa kushika.

Veta akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku. "Sikiliza. Sokoni wanauza miche ya mitufaha, mingine mikubwa hivi hivi. Unang'oa huu, unapanda mwingine, unapaka chokaa. Nani atajua? Mti ni mti. Hauna pua wala masikio."

"Yeye atajua."

"Macho yale ya kizee?"

"Atajua," Ruxanda alisema. "Na asipojua ni vibaya zaidi. Atampa mtoto wake matufaha ya mti wa watu."

Veta akajipangusa unga kwenye aproni, akafanya ishara ya msalaba.

Ruxanda alikaa na jambo lile siku nzima. Alimlisha Anisia uji wa mahindi na jibini, akasahau kula mwenyewe. Mtoto alipokohoa alishtuka kama aliyepigwa. Ndipo, akiwa anaosha sufuria, mikono yake ikakumbuka kabla ya kichwa. Baba yake. Mpeasi uliotafunwa na mbuzi. Baba amechuchumaa, vijiti kati ya midomo yake kama fundi cherehani aliyeuma pini, anachomeka kijiti kimoja chini ya kidonda na kukipeleka juu ya kidonda, kama daraja. Maji ya mti hupanda kwa ndani ya mbao, alikuwa akisema, lakini chakula hushuka kwa gome. Gome likikatika pande zote, mizizi hufa njaa huku majani yanacheka. Basi mpe njia nyingine. Na alisema kitu kuhusu vijiti, kwamba vina kichwa na miguu.

Vijiti vyenyewe vinatakiwa viwe vya mwaka jana, na viwe bado vimelala, visianze kuchipua. Alikuwa ameipogoa miti yote mwishoni mwa baridi. Na vitawi alivyovikata...

Alitoka mbio bila koti.

"Dada Veta! Vile vijiti nilivyokupa vya kuwashia tanuri!"

"Umenipa kuni, sasa unanidai kuni?"

"Umevichoma?"

Veta akageuka kulitazama tanuri lake. "Vya juu nimechoma," alisema hatimaye. "Vya chini bado vimo kwenye theluji, nyuma ya zizi. Vimelowa, haviwaki. Nilikutukana, ukitaka kujua."

Walivichimbua kwa mikono. Vilikuwa vinene kama kalamu, vyekundu kidogo, na macho yake ya kuchipulia bado yamefumba. Ruxanda alivizika kwenye mchanga wenye unyevu kule chini ya nyumba, kwenye giza, kati ya viazi na mapipa ya kabichi. Kisha ikabidi asubiri, maana kazi ile haifanyiki mpaka maji ya mti yaanze kupanda na gome lilegee. Ukiwahi, gome hupasuka. Ukichelewa, vijiti huamka vikakauka.

Na Casandra yuko njiani.

*

Savin alipiga simu jioni kutoka barabarani. Aliendesha malori ya masafa, na sauti yake daima ilikuja na ngurumo.

"Usimwambie mama kwa simu," alisema. "Ataacha mapacha, ataacha na viatu, atakuja kwa miguu."

"Akiuliza?"

"Jibu mengine. Uliza habari za mapacha. Wewe si hodari wa maneno?"

"Mimi? Savin, mimi nikidanganya masikio yananiwaka moto."

"Basi vaa kitambaa."

Alicheka peke yake. Ruxanda akasikia kicheko kile kinafifia, halafu sauti ya mumewe ikabadilika. "Ruxa. Utapona?"

"Mimi au mti?"

"Mti."

"Sijui."

Casandra naye alipiga kila baada ya siku mbili tatu, na kila mara, baada ya habari za mapacha na bei ya vitu mjini, sauti yake ilishuka kama mtu anayeulizia mgonjwa: "Na mtufaha wangu?"

"Haujambo, mama."

"Umeufungua?"

"Nimeufungua."

"Sungura hawakuja?"

"Sungura hawakuja, mama." Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma zaidi.

Kila asubuhi, kabla ya kukamua mbuzi, alikwenda kuukuna mti kwa ukucha juu ya kidonda. Kijani. Bado kijani. Alijaribu gome kwa ncha ya kisu: limeshika, kavu, kama ngozi ya ngoma. Kesho yake: limeshika. Kidonda alikuwa amekifunika kwa udongo mbichi na kitambaa kisizidi kukauka, na kila alipokifungua aliona mbao zinazidi kugeuka rangi, kutoka nyeupe kwenda manjano. Alianza kuota panya. Anisia alipomwuliza kwa nini mti umefungwa bendeji alimjibu kwamba umeanguka ukachubuka goti, na tangu hapo mtoto alikwenda kila siku kuupulizia, fuu, fuu, kama anavyopuliziwa yeye.

Wiki ya mwisho mvua ya vuguvugu ilinyesha. Kesho yake kisu kilipogusa, gome lilijiachia kutoka kwenye mbao kama ganda la yai lililochemshwa vizuri, na chini yake kukawa na unyevu unaong'aa.

"Dada Veta! Leo! Njoo sasa hivi!"

Walifanya kazi hadi mchana. Ruxanda alichonga kila kijiti ncha mbili, nyembamba kama ulimi wa ndege. Alipasua gome chini ya kidonda, akapasua juu, akachomeka ncha moja huku na nyingine kule, kijiti kikapinda kidogo kama mgongo wa paka ili upepo usikichomoe. Veta alishika. Alikuwa ameahidi kutosema kitu, ahadi ambayo ilimshinda mapema.

"Unatetemeka."

"Najua."

"Ukitetemeka hivyo utanikata kidole, na mimi hutanifunga daraja."

"Nyamaza, dada, nakuomba."

Kijiti cha tatu kilipokwisha kuingia, Ruxanda alikiangalia tena. Macho ya kijiti yalikuwa yanatazama chini. Alikuwa amekipindua. Kichwa kimekuwa miguu. Hapo ndipo maneno ya baba yake yalipomrudia yote: ukikipindua, njia ipo lakini hakuna apitaye. Alikichomoa, kikavunjika. Vijiti virefu vya kutosha vilikuwa vimebaki viwili tu. Alisimama, akatembea hadi kisimani, akanawa uso kwa maji ya baridi, akarudi. Veta akamnyooshea kijiti kinachofuata.

Mwishowe yalikuwa madaraja manne. Waliyaziba kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa na utomvu wa msonobari, wakafunga juu na chini kwa vitambaa laini alivyokuwa akimfungia Anisia alipokuwa mchanga, kisha wakazungushia shuka jeupe kuukuu.

"Sasa?" Veta aliuliza.

"Sasa Mungu."

*

Casandra alishuka kwenye basi kesho yake na mfuko mmoja na kuku hai chini ya kwapa. Hakuingia ndani. Alizunguka nyuma ya nyumba moja kwa moja na viatu vyake vya mjini, Ruxanda akimfuata huku amejifunga kitambaa hadi kwenye nyusi.

"Na hili shuka?"

"Baridi ya alfajiri, mama. Niliogopa."

Casandra aliutazama mti, kisha akamtazama mkaza mwana wake. Akamkabidhi kuku. Akamshika shavu kwa mkono wake mgumu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya harusi. "Nilimwambia binti yangu," alisema. "Nilimwambia, nimeuacha mti wangu kwenye mikono ya mama. Si kila aliyezaa ni mama. Huyu ni mama."

Ruxanda alimkumbatia yule kuku kama anataka kujificha ndani yake.

Na si hayo tu. Casandra alivuta tawi, akalisogeza karibu na macho. Kisha akaanza kucheka, kicheko kidogo, cha msichana. "Unaona haya? Haya manene, ya duara? Hayo si majani. Hayo ni maua. Mwaka huu wa kwanza, unatoa maua! Iftimie wangu. Mwaka huu utakula, mwanangu. Utakula tufaha lako."

Pasaka ikaja na mayai yake mekundu na mikate yake mitamu, ikapita. Ruxanda alisali kama kila mtu, na kila mtu alidhani anaombea yale yale wanayoyaombea. Hakulala vizuri. Casandra akiwa ndani, yeye alifungua shuka na kuchungulia. Madaraja mawili yalikuwa na rangi ya uhai. Mawili yalikuwa yameanza kujikunja ganda. Au ni macho yake? Alifunga tena haraka.

Halafu mti ukachanua.

Ulichanua kwa fujo. Miplamu ilichanua kwa staha, kama wanawake wanaokwenda kanisani, lakini ule mtufaha mdogo ulijifunika maua kuanzia kiuno hadi utosini, meupe yenye wekundu pembeni, hata watu waliopita njiani walisimama. Casandra alibeba kigoda akakaa mbele yake na kazi yake ya kufuma, akiwaambia wapita njia: "Ni wa kijana wangu." Ruxanda aliyatazama maua yale. Baba yake aliwahi kusema kuhusu ule mpeasi uliotafunwa na mbuzi: usiyaamini maua yake. Mti uliovuliwa gome huchanua kama mtu anayegawa vitu vyake kabla ya safari. Yaondoe yote, bila huruma, nguvu zirudi kwenye kidonda. Ukiyaacha yazae, utakula matunda mwaka huu, na mwaka ujao utapata kuni.

Yaondoe yote.

*

Jumapili moja alfajiri nyasi ziliamka nyeupe kwa jalidi. Jua lilipopanda liliyeyuka, maua hayakudhurika sana. Lakini kijiji kizima kilikuwa kinazungumzia baridi ile. Casandra alijifunga kitambaa chake cheusi akaenda kanisani. Anisia alikuwa na kikohozi, kwa hiyo Ruxanda alibaki.

Veta, ambaye kanisani alikwenda kwa zamu na alikuwa ameshaambiwa habari ya maua, alitokeza kwenye uzio. "Mungu amekuletea shahidi," alinong'ona, na mnong'ono wake ulisikika hadi barabarani. "Chuma maua, shoga. Chuma upesi, yatie kwenye tanuri. Akirudi mwambie jalidi imeua. Nani atabisha? Wote waliiona. Mti utapona, na wewe utapona."

Savin naye, kwenye simu asubuhi ile, alikuwa ameshasema hivyo hivyo: mama yangu anajua kugombana na baridi, mwachie agombane na baridi.

Ruxanda alikwenda kwenye mti. Aliinua mkono akashika kishada cha kwanza. Kilikuwa kibichi, baridi, kina nyuki mmoja aliyezubaa ndani yake. Anisia alikuwa amekaa mlangoni amefungwa blanketi, anamtazama.

Jalidi imeua. Maneno mawili tu. Casandra angesimama hapa, kwenye viatu vyake vya kanisani. Asingegombana na baridi. Ruxanda alimfahamu sasa, angenyamaza. Angesema moyoni kwamba amesubiri miaka yote, mti umechanua mara moja, na mbinguni wakatuma baridi. Kwamba kwa sababu asiyoijua, Iftimie wake amenyimwa. Angeibeba hiyo hadi kaburini, na aliyemtwisha angekuwa jikoni anakoroga supu.

Alikiachia kishada. Nyuki akaruka.

"Vipi?" Veta aliita. "Unachuma au husikii?"

"Nenda kanisani, dada Veta."

"Utakiona."

"Nitakiona."

Casandra alirudi na kipande cha mkate uliobarikiwa kwenye leso, akammegea Anisia, akamgusa paji. Ruxanda alimsubiri chini ya mti. Shuka alikuwa ameshalifungua. Lilikuwa kwenye nyasi.

"Mama," alisema. "Sungura hawakuja. Walikuja panya. Mimi ndiye niliyewaita. Nilifunga ngozi ya nguruwe ndani ya matete."

Alisema yote, bila kupumzika, kama mtu anayevuka mto kwa mbio ili asizame: ngozi, unga mweupe, Veta, vijiti, kijiti kilichopinduka, shuka, simu zote zile. Na mwisho, lile lililokuwa gumu kuliko yote, kuhusu maua.

Casandra hakumtazama. Alishuka magoti polepole, mkono mmoja kwenye nyasi, akasogeza uso hadi karibu kugusa shina. Alipitisha kidole kwenye mbao zilizo wazi. Akagusa daraja la kwanza, la pili, la tatu, la nne.

"Nilikuambia chokaa na matete."

"Uliniambia, mama."

"Nani alikushikia?"

"Veta."

"Veta!" Casandra aligeuka ghafla. "Yule tarumbeta? Basi kijiji kizima kinajua isipokuwa mimi. Nimekaa hapa na kigoda changu kama bibi harusi, nawaonyesha watu maua, na wao wananihurumia!"

"Nisamehe, mama."

"Nilikusifia. Kwa binti yangu nilikusifia."

Casandra akainuka, akakataa mkono alionyooshewa, akaingia ndani na kufunga mlango. Si kwa kishindo. Afadhali kingekuwa kishindo. Ruxanda alisimama palepale. Ndani hakukusikika kitu, wala kilio wala sahani. Anisia alikuja akamshika sketi, naye akamwambia, "Ngoja, mwanangu," bila kujua wanangoja nini.

Mlango ulipofunguka, Casandra alikuwa amevua nguo za kanisani. Alikuwa na aproni yake ya kazi na kigoda. Alikiweka chini ya mti, akakikanyaga kuona kama kimetulia, akapanda.

"Una hakika na hili la maua?"

"Baba yangu alisema hivyo. Mpeasi wake ulipona."

"Na haya madaraja yako? Yamekamata?"

"Mawili nadhani yamekamata. Mawili, sidhani."

"Mawili yanatosha?"

"Sijui, mama."

"Hujui." Casandra alilitafuna neno lile. "Hilo ndilo neno la kwanza la kweli ulilonipa tangu nishuke kwenye basi." Akavuta tawi la kwanza. Mkono wake ulibaki hewani. "Umesikia, Iftimie?" alisema, si kwa sauti ya sala, bali ile ya kumwita mtoto aliye chumba cha pili. "Si mwaka huu. Watoto wenzako huko watakugawia kidogo. Umezoea kusubiri, na mimi nimezoea."

Akachuma. Alichuma kwa ukucha, kishada kwa kishada, akiacha majani machanga yaliyokizunguka bila kuyachana, na kila alichokichuma alikitia mfukoni mwa aproni, hakukitupa. Ruxanda alianza upande wa pili. Uzio ulikuwa mtupu. Kwa mara ya kwanza Veta hakuja kuchungulia.

"Hapa," Casandra akasema ghafla, alipokuwa ameshuka kukisogeza kigoda. "Njoo uangalie. Macho yangu haya."

Kwenye daraja la pili, katikati ya mgongo wake uliopinda, jicho moja lilikuwa limepasuka. Ndani yake palikuwa na ncha ya kijani, ndogo kuliko punje ya mtama.

Ruxanda aliinama. Akaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo.

"Liko hai," Casandra alisema.

"Liko hai, mama. Lakini hata hilo inabidi litolewe. Likiachwa litakuwa tawi, litasahau kuwa daraja."

"Hata hilo!" Casandra alipandisha mikono. "Wewe mwanamke, huu mti utaniachia kitu gani?" Lakini alikuwa ameshainama tena. Akamshika Ruxanda mkono, akakielekeza kidole chake kwenye ile ncha, maana cha kwake mwenyewe kilikuwa kikubwa mno kwa kazi hiyo. "Toa wewe. Polepole. Usiguse nta."

Ruxanda aliitoa ile ncha kwa ukucha. Daraja halikutikisika.

"Haya," mama mkwe wake alisema, akitazama juu, kule ambako kigoda hakifiki na maua bado yalikuwa tele. "Kalete ngazi. Na usiiegemeze kwenye mti, nakujua."